Mwewe Hachagui Rangi

Mwewe alizunguka chini ya paa la kioo kwa utulivu wa kiumbe kisichojua njaa. Mabawa yake yalikuwa ya utando mwembamba uliojikunja na kujikunjua bila sauti, na mahali pa macho alikuwa na jicho moja tu, pana na jeusi. Chini yake kundi la kasuku lilikuwa likila matunda ya mikuyu. Ghafla akashuka. Hakuwa na kucha. Kifuani mwake ilichomoka sindano nyembamba kama unywele, ikamchoma kasuku dume mwenye tumbo la rangi ya chungwa, na kabla ndege huyo hajafika chini, wavu ukamdaka. Wenzake walipiga kelele, wakarukia mti wa pili. Punde wakarudi kula.

"Nilijua atamchukua yule," alisema Dakta Hidaya Mshana, uso wake ukiwa karibu kugusa kioo cha chumba cha kutazamia. "Alikuwa anawaka kama kaa la moto."

"Amelala tu," alisema Kiondo Msuya, mhandisi aliyemuunda mwewe huyo. "Jioni ataamka kwenye banda la nje, atakula, atanenepa. Ila humu hatazaa tena."

Amelala tu. Hivyo ndivyo walivyozoea kuambiana, na ndivyo walivyoweza kwenda nyumbani na kulala wao wenyewe.

Kuba lao la kioo lilisimama kwenye nyika iliyo chini ya milima ya Upare, nje kidogo ya jiji jipya la Nyikani, na lilijengwa kwa ajili ya swali moja: ni nini kinachompa kasuku rangi zake? Hidaya alilibeba swali hilo tangu chuoni. Flamingo hupata wekundu wake kwenye chakula. Mnyime chakula hicho, atafifia. Kasuku si hivyo. Yeye huitengeneza rangi yake mwenyewe ndani ya unyoya unaokua, na hakuna ndege wa jamii nyingine anayeijua kemia hiyo. Badiliko dogo tu huigeuza manjano kuwa nyekundu. Hata kijani chake si rangi moja. Ni manjano iliyokaa juu ya vijitundu vidogo mno vya unyoya, na vijitundu hivyo huurudisha mwanga wa buluu. Manjano na buluu zikikutana, jicho letu linaona jani bichi. Lakini kujua rangi inavyotengenezwa si kujua kwa nini ipo. Kwa nini dume wa kasuku hawa ana tumbo la chungwa, na jike wake ana tumbo la kijani? Ni nani anayemvika, na nani anayemvua?

Ili apate jibu, Hidaya aliligawa Kuba mabonde mawili. Viota vya mabonde yote viliwekwa ndani ya mitambo iliyoitwa viharakisha-vizazi. Humo yai lilianguliwa mapema na kinda alipevuka upesi, hata mabadiliko ambayo porini yangechukua karne nyingi yakaonekana ndani ya miaka michache. Katika bonde la kwanza hapakuwa na adui yeyote. Katika bonde la pili aliruka mwewe.

Bonde la kwanza lilimfurahisha. Majike walichagua waume wenye matumbo yaliyokolea, watoto wao wa kiume wakakolea zaidi, na mwishowe wekundu ukapanda kutoka tumboni hadi kifuani, kutoka kifuani hadi shingoni, mpaka madume wakawa kama wamefungwa vilemba vya moto. Katika bonde la pili madume walififia kizazi baada ya kizazi. Chungwa likawa manjano chafu, manjano ikawa kijani.

"Jike anavika, mwewe anavua," Hidaya aliwaambia wageni waliokuja kutembelea Kuba. Wageni waliipenda kauli hiyo, wakairudia.

Lakini lilikuwepo jambo la tatu ambalo hakuwaambia wageni, kwa kuwa yeye mwenyewe lilikuwa likimsumbua. Madume wa bonde la pili walipokwisha kuwa kijani wote, mwewe hakuacha kuwinda. Alianza kuwatoa wenye mikia mirefu kidogo. Mikia ilipolingana, akawatoa wanaoimba. Waimbaji walipokwisha, akawatoa waliopenda kutua kwenye ncha za matawi. Bonde likawa kimya, kundi zima likikaa katikati ya mti, bega kwa bega.

"Kwani ulimfundisha nini?" Hidaya alimuuliza Kiondo.

"Sikumfundisha rangi. Jicho lake linajifunza lenyewe. Nilimwagiza amtoe yule anayeonekana upesi kuliko wenzake, basi."

"Na wakifanana wote?"

Kiondo alifikiri. "Hawawezi kufanana wote, Dakta. Siku zote yupo mmoja anayeonekana kuliko wenzake."

Ni katika siku hizo ambapo Kamishna Semvua, mkuu wa usalama wa jiji la Nyikani, alikuja kutembelea Kuba. Alikuwa mtu mpole wa kuongea, mwenye mazoea ya kugusa vitu alivyokuwa akiuliza habari zake. Alisimama kwenye kioo muda mrefu, akamwona mwewe akishuka mara mbili.

"Dakta, huyu anaweza kumtambua mwizi sokoni?"

"Hamtambui mwizi, Kamishna. Anamtambua aliye tofauti na wenzake."

"Mwizi si ndiye tofauti? Wenzake wananunua nyanya, yeye anaangaza macho huku na huku." Kiondo alicheka. Kamishna akakigusa kioo kwa kidole. "Na akichomwa hafi?"

"Hafi," alisema Kiondo. "Analala tu."

Kamishna alimgeukia Hidaya, akingoja na yeye aseme. Kuba lilikuwa likinywa maji ya jiji na kuwaka umeme wa jiji, na mlangoni Kamishna alikuwa amegusia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba wapo wanaotaka kiwanja kile kijengwe nyumba. Hidaya alikuwa na la kusema. Alijua bonde la pili lilivyonyamaza. Badala yake alisema, "Kwa ndege, ndiyo, wanalala tu." Kamishna alishukuru, akaondoka na Kiondo garini mwake.

Mwewe wa kwanza wa jiji aliruka kabla ya mvua za vuli. Watu walishangilia. Vibaka walianguka sokoni na pochi za watu zikiwa bado mikononi mwao, wakaamkia kituoni. Wanawake walirudi kutembea jioni wakiwa na simu masikioni. Wakaongezwa mwewe wengine, mpaka ikawa ukiinua macho mahali popote Nyikani huwakosi, wamening'inia angani kama nukta.

Vibaka wakaisha. Mwewe wakabaki. Wakamwangusha mlevi aliyekuwa akicheza peke yake barabarani. Wakamwangusha mwanamke aliyevaa kitenge cha manjano katikati ya wafanyakazi wenye sare za kijivu. Wakamwangusha mzee mmoja aliyekuwa akichechemea kwenye foleni ya watu wenye haraka. Wote waliamkia kituoni, wakahojiwa, wakaachiwa, wengine wakaombwa radhi. Hakuna sheria iliyotangazwa. Watu walijifunza wenyewe, kama mtu anavyojifunza uchochoro upi una mbwa. Nguo nyekundu zikatoweka, kisha za buluu, kisha mauamaua. Maduka yakajaa kaki. Kucheka kwa sauti kukawa jambo la ndani ya nyumba. Hidaya alipita sokoni siku moja, akaona watu wakitembea katikati ya njia, bega kwa bega, kimya, kama lile kundi la bonde la pili.

Mtu mmoja hakubadilika, naye alikuwa mdogo wa damu wa Hidaya. Shaibu Mshana alikuwa fundi wa nguo-nuru, nguo zisizotiwa rangi kabisa. Nyuzi zake zilikuwa na vijitundu kama vya unyoya wa kasuku, na rangi yake ilitoka kwenye mwanga wenyewe. Ni Hidaya aliyemweleza jambo hilo zamani, alipokuwa akimlea baada ya mama yao kufariki, na Shaibu akaligeuza kuwa kazi. Alikuwa ameshaangushwa mara tatu. Kila alipoamka alirudi dukani, akavaa lile lile joho lake la nguo-nuru.

Hidaya alimkuta akikata kitambaa cha rangi ya chungwa iliyoiva.

"Hili joho ni la nini?"

"La harusi yangu, dada. Au umesahau kwamba ninaoa?"

"Sijasahau. Shaibu, mdogo wangu, vaa kanzu nyeupe kama wenzako. Siku moja tu."

"Msikitini nitavaa kanzu. Lakini kwenda kumchukua Zaituni nitavaa hili." Aliweka mkasi chini. "Hebu niambie. Lile bonde lako lisilo na mwewe, nani anaamua dume awe na rangi gani?"

"Majike."

"Basi Zaituni ameshaamua. Siku aliyoingia humu mara ya kwanza aliniambia, wewe peke yako ndiye nimeweza kukuona tangu mwezi uanze."

"Kuna bonde la pili pia."

"Ninaishi humo, dada. Si unaniona?" Alisema akitabasamu, lakini mikono yake haikurudi kwenye mkasi.

Hidaya alikwenda moja kwa moja kwa Kiondo, ambaye sasa alikuwa na ofisi kwenye jengo la Kamishna. Alimwomba azime mwewe kwa alasiri moja tu, mtaa mmoja tu.

"Siwezi," alisema Kiondo. Alikuwa amekonda. "Jicho la mmoja linafundisha macho ya wengine. Hata mimi nikitaka kulifungua, ufunguo anao Kamishna, na Kamishna hatoi." Akasema kwa sauti ya chini, "Njia ipo moja. Jicho linapima kundi kwanza, halafu linamtafuta aliye nje ya kundi. Wakivaa rangi wote, rangi haitakuwa kitu. Bwana harusi atapotea ndani yao."

"Wote?"

"Wengi wao. Lakini wavae kweli."

Hidaya alizunguka kwa ndugu na majirani, nyumba baada ya nyumba, akiwaeleza jambo hilo kwa subira, kama alivyowaeleza wageni wa Kuba. Watu walimsikiliza. Mjomba wao, Mzee Mzirai, aligonga goti kwa furaha. "Yaani tukiwa wengi hatuonekani! Haya, mwambie Shaibu anishonee na mimi joho, tena jekundu." Wanawake walifungua masanduku, wakatoa vitenge ambavyo havikuwa vimeona jua kwa muda mrefu. Waliokosa, Shaibu aliwashonea, na kwa wiki kadhaa cherehani yake haikunyamaza. Hidaya alimsaidia kupiga pasi. Ilikuwa kazi ya furaha. Walipika pamoja chai ya tangawizi, wakamtania Shaibu, na mara moja Hidaya alicheka kwa sauti kubwa mlango ukiwa wazi.

Ndoa ilifungwa msikitini baada ya swala ya adhuhuri. Wanaume walikuwa na kanzu nyeupe, wote sawa, na mwewe walipita juu bila kushuka. Kilichobaki ni kwenda kwa kina Zaituni. Walikubaliana watu wabadilishe nguo, wakutane chini ya jengo lao, kila mmoja na rangi yake.

Hidaya alifika mapema. Alivaa gauni la chungwa aliloshonewa na mdogo wake, na juu yake koti la kaki, kwa ajili ya njiani tu. Watu wakaanza kufika. Mama mmoja wa jirani alikuja na kaki. "Kitenge ninacho humu," alinong'ona, akiugusa mkoba. "Wakianza wenzangu, natoa." Binamu zake wakaja na kaki. Mzee Mzirai akaja na shati la kijivu, akaangalia chini, akasema joho lake limembana. Kila aliyefika aliwatazama waliotangulia, akaona kaki, akabaki na kaki. Hakuna aliyekusudia kumwacha Shaibu. Kila mmoja alikuwa anangoja. Juu ya paa la jengo walining'inia mwewe wawili.

Hidaya alishika kifungo cha juu cha koti lake. Alijua kwamba yeye ndiye wa kuanza. Alijua pia, kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, kwamba anayeanza ndiye anayeonekana. Kidole chake kilikaa juu ya kifungo.

Shaibu akatokea kwenye kona, joho lake likibadilika kila alipopiga hatua, kutoka chungwa hadi nyekundu hadi rangi ya dhahabu kwenye mikunjo. Aliwatazama watu wake, mmoja mmoja, kisha akamtazama dada yake, na koti lake. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu aliyefika mahali akakuta mvua imemtangulia.

"Haya, twendeni," alisema. "Bibi harusi anangoja."

Ngazi za jengo lile zilikuwa za nje, zikipanda ukutani hadi ghorofa ya nne. Shaibu alipanda akiwa mbele, watu wakimfuata kwa mbali, na wimbo wa harusi ukiimbwa kwa sauti ya chini kama dua. Zaituni alifungua mlango, akatoka kwenye kibaraza akiwa na nguo nyekundu, hina mikononi, akacheka alipomwona mumewe. Shaibu alimshika mkono. Kisha akageuka kuelekea chini ili kuwapungia watu.

Mwewe huchukua mmoja. Alishuka bila sauti, sindano ikachomoka, na Shaibu akalegea kama mtu aliyeshikwa na usingizi kwenye kiti. Zaituni alimvuta, lakini alikuwa mzito ghafla, na ukingo wa ngazi ulikuwa wa chini. Joho lilifunguka hewani. Wavu haukuwepo. Wavu ulikuwa wa ndege.

Hidaya alifika wa kwanza. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akakiinua kichwa cha mdogo wake, akaita jina lake. Watu walisimama pembeni, wameshikana, bega kwa bega. Vifungo vya koti lake vilikuwa bado vimefungwa.

Siku iliyofuata redio ya jiji ilitoa pole kwa familia. Ilieleza kwamba uchunguzi umekamilika, kwamba dozi ya sindano ilikuwa ya kawaida, na kwamba mwewe hakuua; marehemu alikuwa amelala tu, kilichomuua ni kuanguka. Hidaya aliizima redio. Aliitambua lugha ile. Ilikuwa yake.

Zaituni alikaa eda ya mume ambaye hakuwahi kula naye sahani moja. Hidaya naye alikwenda kwenye baraza la jiji, akasimama mbele ya madiwani, akaeleza kila kitu: bonde la pili, ukimya wake, na neno alilolimeza siku Kamishna alipogusa kioo. Kiondo alitoa ushahidi baada yake, akapoteza kazi. Madiwani walisikiliza kwa heshima, wote wakiwa na suti za kijivu. Hawakuamua lolote.

Mwewe waliondolewa baadaye, na si kwa sababu ya Shaibu. Waziri wa nchi jirani alikuja kufungua kiwanda, shingoni akiwa na skafu yenye rangi za bendera yake, akaangushwa mbele ya kamera. Ndani ya wiki ile anga la Nyikani likawa tupu. Kamishna Semvua alihamishiwa idara nyingine.

Hidaya alifikiri kwamba rangi zitarudi. Kule Kuba alikuwa amemtoa mwewe wa bonde la pili na kufungua mlango kati ya mabonde, ili madume wekundu waingie. Waliingia wakiimba. Majike wa bonde la pili waliwakimbia. Hapo ndipo alipoelewa kile ambacho vipimo vyake havikuwa vimemwonyesha: mwewe hakuwa amebadilisha madume peke yao. Majike waliobaki walikuwa wajukuu wa majike waliopenda mume asiyeonekana, kwa kuwa watoto wa hao ndio waliopona. Jicho la mwewe lilikuwa limehamia ndani ya jicho la jike.

Mjini mambo yalikuwa hivyo hivyo. Maduka yalileta vitenge vipya, yakavitundika milangoni, vikapauka kwa jua. Watu walinunua kaki.

Ni Zaituni tu aliyevaa nyekundu. Alivaa tangu siku alipotoka eda, wakati mwewe walikuwa bado wamejaa angani, na aliangushwa mara nyingi kiasi kwamba askari wa kituoni walimjua kwa jina na kumwekea godoro lake. Kila alipoamka alikwenda kulifungua duka la Shaibu. Shingo yake ilikuwa na alama ndogo ndogo za sindano, zimesambaa hadi begani, na hakuzifunika.

Asubuhi moja Hidaya alikwenda dukani hapo. Alitembea mji mzima akiwa na gauni la chungwa alilolishona mdogo wake, bila koti. Njiani watu walimpisha. Hawakumpisha kwa heshima. Walikuwa wakiachia nafasi kati yao na yeye, ingawa angani hapakuwa tena na kitu cha kuogopa. Mwanamke mmoja alimnong'oneza kwa huruma, "Mama, jifunike."

Zaituni alikuwa akikata kitambaa. Aliinua macho, akamtazama wifi yake kutoka shingoni hadi miguuni, taratibu, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Aliushika upindo wa gauni, akaugeuza, akaangalia mshono.

"Umependeza, wifi," alisema.

Hidaya alizitazama zile alama za sindano shingoni mwa wifi yake.

"Umependeza kweli. Ila leo ni rahisi." Zaituni aliuachia upindo, akachukua mkasi wake. "Gauni hili ningelipenda siku ile."

Akainamia kitambaa, akaendelea kukata.